Abiria Mwenye Kombati: Sare ya Jeshi Husomwaje Safarini?

Behewa limejaa. Mlango unafunguka, anaingia kijana mwenye kombati, buti zina vumbi, begi la mgongoni karibu limshinde. Kabla hajapata pa kushika, watu wameshamsoma. Mzee aliye dirishani anakusanya miguu na kumwonyesha kiti kwa kiganja. Mama mmoja anamvuta mwanawe karibu. Vijana wawili waliokuwa wakibishana wanashusha sauti. Mwanamke aliyeketi mkabala anageuzia uso nje, na ukimtazama vizuri utaona ameuma meno. Na yupo mmoja, huyu hakosekani, anayesogea kumuuliza kama amewahi kuua mtu.

Kijana mwenyewe hajatamka neno. Pengine ni mpishi wa kambi. Pengine ni karani wa stoo aliyekesha akihesabu mablanketi, na anachotaka ni usingizi tu hadi kituo cha mwisho.

Mjadala kuhusu wanajeshi wanaosafiri na sare kwa kawaida huishia kwenye swali moja: je, jamii inawaheshimu askari wake au haiwaheshimu? Swali hilo halijibiki, kwa sababu limefunga mambo matatu katika fundo moja. Ipo nguo, yupo mtu aliye ndani ya nguo, na ipo serikali iliyoishona. Abiria anavitazama vyote vitatu kwa mpigo mmoja na kutoa hukumu kabla treni haijaondoka. Kwa maoni yangu, mara nyingi anachokijibu ni hicho cha tatu, ila anayelipokea jibu ni huyo wa pili.

Nguo iliyoshonwa ili ionekane

Tuanze na nguo yenyewe, maana kazi yake ya kisheria husahaulika. Kanuni za Hague za mwaka 1907 ziliwataka hata wanamgambo na vikosi vya kujitolea wawe na alama ya kudumu inayotambulika kwa mbali, ndipo wahesabiwe kuwa wapiganaji halali. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 ulilirudia sharti hilo katika kueleza nani astahili kutendewa kama mateka wa vita. Shabaha ni kumtenga mpiganaji na raia. Anayevaa sare anatangaza kwamba amebeba silaha kwa niaba ya nchi, na kwamba adui akitaka kumlenga mtu, amlenge yeye, amwache muuza duka.

Vitani tangazo hilo humkinga raia. Ndani ya basi maneno ni yaleyale, ila vita havipo, na msikilizaji hana pa kuyaweka. Ndiyo maana watu hubabaika: wengine huamkia, wengine hunyamaza, wengine hupiga makofi.

Kombati ina kichekesho chake pia. Kitambaa cha madoa kilibuniwa kimfiche askari vichakani. Mpeleke uwanja wa ndege, kwenye sakafu inayong'aa na taa nyeupe, atakuwa mtu wa kwanza utakayemwona. Na kombati haisomwi sawa na sare ya sherehe. Mwenye koti lililopigwa pasi na medali kifuani huombwa picha. Mwenye kombati huulizwa ametoka wapi, na anayeuliza tayari ana vita fulani kichwani.

Wengi hudhani askari aliyevaa sare safarini ameamua kujionyesha. Wapo wa namna hiyo, tusidanganyane. Lakini mara nyingi sababu ni za kawaida mno: amepewa amri ya safari ghafla, anaunganisha kutoka kambi moja kwenda nyingine, au nauli nafuu hutolewa kwa aliyevaa tu. Na akishavaa, uhuru wake hupungua. Kanuni za mavazi za jeshi la nchi kavu la Marekani humkataza kutembea huku akichezea simu, kwa sababu mkono wa kulia lazima uwe tayari kwa saluti. Nje avae kofia, ndani aivue. Asivae sare kwenye maandamano ya kisiasa. Na kwa safari nyingi za nje ya nchi kwa ndege za abiria, anatakiwa avae kiraia kwa ajili ya usalama wake. Raia anayemwona amekaa wima kama mlingoti hudhani ni majivuno, kumbe anajua kwamba akisinzia mdomo wazi na mtu akampiga picha, aliyepigwa picha ni jeshi zima.

Kutoka Vietnam hadi Bangor

Hakuna nchi ambayo jambo hili limejadiliwa kwa kelele kama Marekani, na kelele hizo zina chanzo chake. Katika Vita vya Pili vya Dunia zaidi ya watu milioni 16 walitumikia jeshi la nchi hiyo. Wengi walirudi kwa meli, wakiwa wengi pamoja, siku nyingi baharini, wakapata muda wa kuzungumza, kucheza karata na kulia. Sare ilikuwa kila mahali. Hapakuwa na nyumba isiyoijua.

Vietnam mambo yaligeuka, na lililobadilika kwanza lilikuwa utaratibu wa safari, hata kabla ya hasira za watu. Askari alipelekwa kwa muda wake binafsi, kwa kawaida miezi 12, na muda ukiisha alirudi peke yake. Mtu aliweza kuwa porini na bunduki leo, na baada ya siku mbili akawa uwanja wa ndege wa kiraia, mkoba begani, akisubiri ndege ya kumfikisha kwao. Mashirika ya ndege yalikuwa na nauli nafuu kwa askari aliyevaa sare na kukubali kusubiri kiti kitakachobaki. Kwa hiyo vyumba vya kusubiria vilijaa vijana wenye sare, kila mmoja peke yake, wamechoka, hawana hata mwenzao wa kikosi wa kumtazama machoni, katikati ya umma uliokuwa umegawanyika vikali kuhusu vita.

Hapo ndipo ilipozaliwa simulizi maarufu ya askari aliyetemewa mate uwanja wa ndege. Watafiti waliofukua magazeti na kumbukumbu za wakati ule walipata ushahidi mchache mno wa tukio hilo, ilhali maaskari wengi wazee wanashikilia kwamba yaliwapata wao wenyewe. Sitaamua ugomvi huo hapa. Lisilobishaniwa ni dogo zaidi, na kwangu mimi ni zito zaidi: wengi wanasimulia jinsi walivyoingia chooni, wakavua sare na kuvaa suruali ya kawaida kabla ya kuendelea na safari. Hakuna aliyewagusa. Waliona macho yakihama yanapokutana na yao, ikatosha.

Mwaka 1973 Marekani ilisitisha kuandikisha vijana kwa lazima. Jeshi likawa la wanaojiandikisha kwa hiari, na pole pole likaondoka nyumbani mwa watu. Leo walio katika utumishi wa kudumu ni kama milioni 1.3 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330. Kwa Wamarekani wengi, uwanja wa ndege ni miongoni mwa mahali pachache wanapokutana na askari uso kwa uso.

Na hapo pendulo ikabembea upande wa pili. Mfano ninaoupenda ni Bangor, mji mdogo wa jimbo la Maine, kona ya kaskazini mashariki, ambako ndege zilizobeba wanajeshi hushuka kujaza mafuta kabla ya kuvuka bahari ya Atlantiki au baada ya kuivuka. Tangu vita vya Ghuba mwaka 1991, na kwa wingi zaidi kuanzia 2003, wenyeji walijipanga kuwapokea. Wengi wao walikuwa wazee, baadhi wakiwa wamepigana vita vya zamani, na wale wa Vietnam walikuwamo. Simu ililia saa nane za usiku kwamba ndege inakaribia. Mzee akavaa koti, akawasha gari kwenye theluji, akaenda kusimama kwenye ukumbi kupeana mikono na watoto asiowajua. Walikuwa na biskuti, na walikuwa na simu za mkononi ambazo askari aliazimwa apige nyumbani bure. Kwa miaka waliyofanya hivyo walipokea wanajeshi zaidi ya milioni moja.

Nadhani Bangor iliwezekana kwa sababu waliokuwa wanapokea walijua wanapokea nini. Mzee aliyebadilisha nguo chooni mwaka 1969 hakuhitaji kuambiwa kwamba simu ya dakika tano ni bora kuliko hotuba. Kwingineko nchini mapokezi yalijikusanya kwenye sentensi moja, "asante kwa utumishi wako", inayosemwa kwenye foleni ya kahawa, na mashirika ya ndege yakaanza kuwaita walio kazini wapande mapema. Askari wengi wanasema wanashukuru, kisha wanakiri kwamba hawajui wajibu nini. Aliyekaa miaka minne akitengeneza printa anajiona mwongo akiitikia. Aliyempoteza rafiki yake anaisikia sentensi ile kama risiti. Na askari wa kike wana kisa chao, nacho kinajirudia mno kukiita bahati mbaya: mtu anakuja mbio, mkono mbele, na kumshukuru mume wake.

Aliye ndani ya nguo

Anayeamini kwamba sare humfunika mtu akawa askari tu, asimfumbie macho Isaac Woodard.

Tarehe 12 Februari 1946, Sajini Woodard, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 26, alipanda basi huko Georgia. Alikuwa ametumikia Pasifiki, na saa chache tu kabla alikuwa ameachiliwa jeshini kwa heshima. Sare bado ilikuwa mwilini. Alikuwa anakwenda South Carolina kukutana na mkewe. Njiani alimwomba dereva asimame kidogo akajisaidie. Dereva alimtukana. Woodard akamjibu, kwa mujibu wa ushahidi wake, kwamba aseme naye vizuri, kwa kuwa Woodard pia ni mwanamume kama huyo dereva. Basi lilipofika mji wa Batesburg, dereva alishuka na kuita polisi. Mkuu wa polisi wa mji alimpiga Woodard kwa rungu hadi machoni. Asubuhi yake, akiwa haoni, alifikishwa mahakamani na kutozwa faini ya dola 50. Hakuona tena maisha yake yote.

Katika mji ule mtu mweusi mwenye mistari ya cheo mkononi alikuwa tusi linalotembea. Sare ilikuwa inasema kwamba serikali inamheshimu mtu huyu, na waliomzunguka hawakutaka serikali iseme hivyo. Chini ya miaka miwili kabla yake, Julai 1944, askari mweusi mwingine mwenye sare, Booker Spicely, alipigwa risasi na dereva wa basi huko Durham, North Carolina, baada ya mzozo wa kiti. Dereva aliachiwa huru. Mkuu wa polisi wa Batesburg naye aliachiwa, na baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, halikuchukua hata saa moja.

Ila kisa cha Woodard hakikufia pale. Rais Harry Truman, ambaye mwenyewe alikuwa afisa wa mizinga katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alikasirika alipokisikia. Kabla mwaka 1946 haujaisha aliunda kamati ya haki za kiraia, na tarehe 26 Julai 1948 akasaini amri namba 9981 iliyoanzisha safari ya kuondoa ubaguzi wa rangi jeshini. Ugomvi wa kwenda haja, ndani ya basi la abiria, uliishia ikulu. Lau Woodard angekuwa amevaa shati la kawaida, sina hakika kama habari ingefika huko juu. Nguo ileile iliyomchongea ndiyo iliyoifanya nchi imsikilize.

Uingereza ilikuwa imeshatoa somo la kinyume chake. Agosti 1914 amirali mmoja mstaafu, Charles Fitzgerald, aliwapanga wanawake 30 mjini Folkestone wagawe manyoya meupe, alama ya woga, kwa kila mwanamume kijana asiye na sare. Desturi ikasambaa kwenye tramu na treni. Waliopewa manyoya walikuwamo askari walio likizoni waliovaa kiraia, na waliorudishwa nyumbani na majeraha yasiyoonekana. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba Septemba 1916 serikali ilianza kutoa beji ya fedha kwa walioachishwa jeshi kwa majeraha au maradhi, waibandike kwenye koti ili waweze kupanda tramu kwa amani. Mtu amepoteza pafu huko Ufaransa, na bado anahitaji cheti cha kumruhusu akae kiti cha tramu bila kudharauliwa.

Vaa, ficha, vaa tena

Amri kuhusu sare safarini hubadilika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ukizifuata tarehe zake utaona hofu ya nchi ikipanda na kushuka.

Tarehe 4 Februari 1974 bomu la IRA, kundi lenye silaha lililopigania Ireland Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, lililipua basi lililokuwa likiwarudisha askari kambini kwenye barabara kuu ya M62, kaskazini mwa Uingereza. Watu 12 walikufa, miongoni mwao askari mmoja, mkewe na watoto wao wawili. Kwa miaka mingi ya mashambulizi ya IRA, askari wa Uingereza walizoea kutovaa sare mitaani wanapokuwa nje ya kazi. Kizazi kizima cha raia kikakua bila kuona kombati kwenye treni. Hapa kuna jambo la kuangalia: kuficha sare kwa sababu ya usalama huzaa ugeni, na ugeni huzaa mapokezi ya ajabu siku sare inaporudi.

Ilirudi kwa kishindo. Mwanzoni mwa 2008, vita vya Iraq na Afghanistan vikiwa vimewachosha watu, kamanda wa kituo cha jeshi la anga cha Wittering aliwaambia watu wake wasivae sare wanapokwenda mji wa Peterborough, kwa kuwa walikuwa wakitukanwa. Habari ilipotoka, waliokasirika zaidi walikuwa raia wengine. Mei mwaka huohuo ripoti iliyoongozwa na mbunge Quentin Davies ilipendekeza sare zionekane zaidi mitaani, na Juni 2009 Uingereza ikaadhimisha Siku ya Majeshi kwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja Woolwich. Tarehe 22 Mei 2013 askari Lee Rigby aliuawa mchana kweupe jijini London. Yakatolewa maelekezo ya kuficha sare, yakalegezwa muda mfupi baadaye. Lakini Rigby hakuwa na sare. Alikuwa amevaa sweta lenye kofia, la shirika la hisani linalosaidia askari waliojeruhiwa, karibu na kambi yake. Waliomtafuta askari walimpata bila kombati. Vivyo hivyo mwaka 1985, ndege ya TWA namba 847 ilipotekwa nyara, mpiga mbizi wa jeshi la majini la Marekani, Robert Stethem, aliuawa ingawa alisafiri kama abiria wengine. Nywele zilizokatwa fupi, buti, begi la kijani, kitambulisho mfukoni: askari anavuja kutoka kila upande. Oktoba 2014, baada ya askari wawili kuuawa Kanada ndani ya siku tatu, jeshi la huko nalo lilitoa agizo la kutovaa sare hadharani nje ya kazi. Sisemi maagizo hayo ni ya bure. Yanampunguzia askari idadi ya macho. Ila yana gharama, na gharama hiyo hailipwi na aliyeandika agizo.

Wanaonyamaza kwa hofu

Haya yote yanahusu nchi ambako askari ndiye anayeogopa umma. Kuna sehemu kubwa ya dunia ambako ni kinyume, na mijadala mingi huipita kana kwamba haipo. Nchi iliyowahi kutawaliwa na jeshi haisahau upesi. Kondakta hamdai nauli mwenye kombati. Dereva anampisha hata kama taa ni ya kwake. Abiria wanacheka mzaha usiochekesha. Ukipiga picha utadhani ni heshima.

Julai 2012 gavana wa Lagos, Babatunde Fashola, alisimama mwenyewe barabarani na kuyazuia magari yaliyokuwa yakipita kwenye njia iliyotengwa kwa mabasi ya haraka. Mmoja wa walionaswa alikuwa kanali wa jeshi. Kisa kilizungumzwa kila kona, na ukijiuliza kwa nini, jibu linauma: ilihitaji gavana wa jimbo, kamera zikiwapo, kumwambia mwanajeshi kwamba njia hii si yako. Trafiki wa kawaida angegeukia upande mwingine.

Hofu hiyohiyo ndiyo inayozipa nguvu sheria za kukataza raia kuvaa mavazi ya kijeshi. Barbados, hata mtoto haruhusiwi kuvaa nguo ya madoa. Uganda mwaka 2019 iliingiza bereti nyekundu kwenye orodha ya mavazi ya jeshi, wakati ambapo bereti hiyo ilikuwa alama ya wafuasi wa mpinzani Bobi Wine. Hoja rasmi ya sheria hizi ni kuzuia majambazi wanaojivika ujeshi, nayo ina uzito wake, kwani jambazi huchagua sare kwa sababu anajua watu hawaihoji. Lakini mahali ambapo umma ungeweza kumwambia askari "naomba kitambulisho, afande", jambazi asingepata faida kubwa hivyo.

Nako ambako sare hupendwa, matapeli huifuata kwa sababu ya mapenzi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2006 ya kuwaadhibu wanaojisingizia medali. Mahakama ya Juu ikaifuta mwaka 2012 kwa hoja kwamba uongo mtupu, bila kumwibia mtu kitu, unalindwa na uhuru wa kusema. Sheria mpya ya 2013 inamkamata anayejisingizia medali ili apate fedha, mali au manufaa mengine.

Mtoto wa jirani na mgeni wa Ijumaa

Pale ambako kila kijana hupitia jeshi, hakuna anayepiga makofi. Israel, Jumapili asubuhi, treni hujaa vijana wa kike na wa kiume wanaorudi kambini, wamelala wameegemeana, bunduki magotini. Kwa abiria wenzao ni mtoto wa jirani aliyechelewa kuamka. Kwa msafiri wa Kipalestina anayesubiri kwenye kizuizi cha barabarani, kijana huyohuyo ni mtu anayeamua kama atafika kazini au hatafika. Sare moja, wiki moja, kilomita chache kati yao.

Japani, ambayo katiba yake inakataa vita na ambayo iliunda Vikosi vya Kujilinda mwaka 1954 huku wengi wakipinga, watumishi wa vikosi hivyo kwa miongo mingi waliona afadhali kwenda kazini na suti na kubadilisha huko. Tetemeko na tsunami la Machi 2011 lilipotokea, takriban 100,000 kati yao walipelekwa kuokoa watu na kutafuta maiti, na macho ya umma yakalainika kuliko yalivyowahi kulainika kwa hotuba yoyote.

Ujerumani ndiyo inayonisumbua zaidi. Baada ya 1945, ilipounda jeshi jipya, ilijiwekea fikra kwamba askari ni raia aliyevaa sare, asiwe tabaka la peke yake. Siku za jeshi la lazima, treni za Ijumaa jioni zilifurika vijana wanaokwenda nyumbani, na abiria waliwalalamikia kama wanavyolalamikia wanafunzi: kelele, bia, mabegi njiani. Mwaka 2005 Rais Horst Köhler alilalamika kwamba Wajerumani wanalitazama jeshi lao kwa kutojali, kutojali kwa upole. Jeshi la lazima lilisitishwa 2011, na kombati zikatoweka mabehewani. Kuanzia tarehe 1 Januari 2020 serikali ikawaruhusu wanajeshi kusafiri bure kwa treni za shirika la reli la taifa, sharti wavae sare. Lengo lilisemwa wazi: waonekane.

Wapo waliosema ni kuwatumia askari kama mabango, na siwezi kusema wamekosea kabisa. Tiketi ni ya bure, ila nauli inalipwa kwa kuonekana. Lakini naukumbuka ule utaratibu wa nauli nafuu wa enzi za Vietnam, ambao nao uliwajaza wenye sare viwanjani, na naona tofauti yake. Wale walitawanywa mmoja mmoja katikati ya vita vilivyokuwa vikiipasua nchi. Huyu wa Ujerumani anakwenda nyumbani wikendi, na akipata kutojali kwa upole kule Köhler alikokulalamikia, mimi simwonei huruma. Kwa mtu aliyechoka ndani ya treni, sijui kama kuna mapokezi mazuri kuliko hayo.

Ipo safari moja ambayo sare haina hiari. Jeshi la Marekani likimrudisha askari aliyekufa kwa familia yake, mwanajeshi mwenzake humsindikiza njia nzima, na mara nyingine njia hiyo hupitia ndege ya abiria. Msindikizaji huvaa sare kamili ya heshima. Jeneza likipakiwa au kushushwa, yeye hushuka hadi chini ya tumbo la ndege na kupiga saluti. Ndege ikitua, rubani huwaomba abiria wabaki vitini hadi atoke kwanza. Watu waliokuwa tayari wamesimama, mkono kwenye kabati la mizigo, huketi tena. Walio upande wa dirisha wanamwona kule chini, mtu mmoja amesimama kati ya matoroli ya mizigo, kofia kichwani, mkono kwenye paji la uso, mpaka mkanda wa kushushia mizigo usimame.

Kazi yake ikiisha, anarudi kituoni kwake, huenda kwa ndege nyingine ya abiria, hana tena wa kumsindikiza. Na jirani yake wa kiti, kwa nia njema kabisa, anaweza kumuuliza kama alikuwa likizo.